Shahidi Hajambo

Chumba cha mafundi,
nyuma ya Mahakama,
Jumapili mchana.

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpelekee shikamoo yangu, na umwambie kikoi alichonishonea bado kinanisitiri vizuri. Natumai barua hii inawakuta wazima, magoti yako yamepoa, na lile jicho lililopasuliwa limeanza kukupa mwanga. Sisi huku hatujambo. Mkweo anawasalimu. Mjukuu wako mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga miluzi hata akiongea. Mdogo alikuwa na kikohozi lakini kimemwachia. Dada, najua wewe ndiye unayemsomea Baba, basi shikamoo nawe. Nakuomba usome kila neno. Usifanye kama ile barua ya shemeji, uliyoiruka kurasa mbili ukasema mvua imefuta wino.

Baba, katika barua yako ya mwisho, ulipomaliza kuulizia watu wote, uliuliza kama kawaida yako: shahidi hajambo? Nimeliona swali lako. Nitalifikia, ila kwanza niruhusu nitue mzigo wa hasira nilionao, maana nikianza na jibu sitaweza kuendelea.

Wanataka kuibomoa Mahakama. Sikuona namna ya kulisema lisikushtue, kwa hiyo nimelisema hivyo hivyo. Hawataki kuikarabati, wala kufunga upande mmoja huku upande mwingine ukitengenezwa, kama mlivyofanya nyinyi. Wanataka kuibomoa kuanzia paa hadi msingi, na kifusi kikajazie mashimo ya barabara. Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pale ngazi zinapokata kona kuelekea masjala, karatasi moja yenye muhuri mkubwa na pini nne. Mwenye pingamizi amepewa wiki tatu. Wiki mbili na siku kadhaa zimeshakwenda, na kikao cha kusikiliza wananchi ni Alhamisi hii saa nne asubuhi, katika chumba namba moja. Yaani watakaa ndani yake, chini ya paa lake, kwenye viti vyake, wakijadili kwamba haifai kukaliwa.

Tulipata habari kwa mwenyekiti wa kamati ya majengo, aliyetukusanya wafanyakazi wote ukumbini. Alisema jengo limechoka. Alilirudia neno hilo mara saba, nilihesabu. Limechoka, limechoka. Mimi nilikaa nyuma nikijiuliza limechoshwa na nani. Mwenyekiti mwenyewe akipanda ngazi zetu husimama kwenye kona kutweta, na siku ile alisimama hapo hapo, ameegemea ukuta wa mashariki kwa mkono mzima na nusu ya kitambi, ukuta ule ule aliokuja kutuambia kwamba hauwezi kujibeba. Ukambeba. Alipopata pumzi akaja kutusomea hukumu yake. Kama kuchoka ni sababu ya kubomolewa, basi yeye angetangulia, na wala nisingemwomba radhi kwa kusema hivyo.

Wewe unajua mifereji ya paa ilivyo. Kwa miaka tisa nimewaandikia barua tisa kuhusu mifereji hiyo. Walinijibu mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia nijaze fomu, na mara ya pili waliniambia fomu ile imefutwa. Wakati huo mti umeota ndani ya mfereji, mti kabisa, wenye matawi, na ndege wakajenga. Maji yakakosa njia, yakateremka ukutani, yakala lipu upande wa nje, yakaingia dirisha la hakimu. Mimi nilikuwa napanda mwenyewe kila baada ya mvua kuzoa majani kwa mikono, na vigae vilivyopasuka nikavifunika kwa bati nililoliokota. Ukimnyima mtu chakula miaka tisa, kisha ukaja kumpima ukaandika kwamba amekonda, wewe ni mganga wa namna gani?

Jengo jipya litakalochukua nafasi yake wametuletea mfano wake, umewekwa juu ya meza na kufunikwa kwa kioo. Una miti ya plastiki na watu wadogo weupe wasio na nyuso, wote wanatembea peke yao. Litajengwa ng'ambo ya barabara kuu, ambako mtu hafiki kwa miguu. Mama Masjala, yule karani mkuu uliyemwacha akiwa msichana wa kubeba majalada na sasa ndiye bibi wa masjala nzima, aliinua mkono akauliza watu watasubiri wapi. Akajibiwa kutakuwa na chumba cha mapokezi chenye viti kumi na viwili. Akasema Jumatatu barazani kwetu huwa na watu zaidi ya mia, wengine na watoto mgongoni. Mwenyekiti akasema siku zijazo shughuli nyingi zitafanyika kwa simu. Mama Masjala akauliza kama na talaka nayo itakuja kwa ujumbe mfupi, ili wanawake wajue waweke simu mbali na jiko. Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Mimi pia nilicheka, na ndiyo mara ya mwisho nimecheka mwezi huu.

Nina uchungu, Baba. Chumba namba moja hakijawahi kuhitaji kipaza sauti. Mjane aliyekuja kudai shamba akinong'ona pale kizimbani, mtu wa benchi la mwisho anamsikia. Ulinionyesha sababu yake nikiwa na miaka kumi na mitatu, ukanisimamisha mwisho wa chumba ukasema jina langu kwa sauti ya mtu anayesali. Madirisha yale ya juu yanatoa joto bila feni. Jiwe la mlango limelika katikati kwa miguu ya watu waliokuja kutafuta haki, wengine waliipata. Hayo hayamo ndani ya mfano wa mezani, na hakuna hata mmoja wao aliyeuliza.

Sasa nifike kwenye ripoti, maana hiyo ndiyo waliyoishika kama silaha. Dada, hapa nikueleze wewe, kwa sababu tangu utotoni ulidhani mimi na Baba tunaposema shahidi tunasema mtu. Zamani bomba lilipasuka chini ya ardhi, msingi wa upande wa mashariki ukadidimia, na ukuta wa ngazi ukapata ufa mrefu, kuanzia usawa wa goti hadi darini. Wakubwa wa wakati ule nao walitaka kubomoa. Baba akasema hapana. Akachimba chini ya msingi kidogo kidogo, akajaza zege, akaushona ufa kwa vyuma, na lipu akaipiga mwenyewe. Kisha akaacha ufa wenyewe uonekane kama kovu, na juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu akabandika kipande cha kioo chembamba, urefu wa kiganja, ncha moja upande huu wa ufa na ncha nyingine upande ule, zote zimeshikwa na saruji. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukitembea hata kwa unene wa unywele, kioo kinapasuka, na fundi anajua. Hicho kioo mafundi wanakiita shahidi. Baba alikwaruza tarehe juu yake kwa msumari. Alikuwa akisema kwamba katika jengo lote lile lenye mahakimu na mawakili, shahidi asiyesema uongo ni huyo mmoja tu. Kila tarehe mosi alimtazama akaandika kwenye daftari lake la jalada la buluu: mzima. Alipostaafu miaka kumi na moja iliyopita akaniachia kazi, timazi lake la shaba la kupimia unyoofu wa kuta, na jina lake pia, maana kwa sababu ya hilo timazi lisilotoka mfukoni watu walimwita Mzee Timazi, na mimi wakaniita Timazi Mdogo. Toka hapo mimi ndiye ninayejaza fomu ya kila mwezi, na Baba katika kila barua anauliza hali ya shahidi kama anavyouliza hali ya wajukuu.

Basi mhandisi alikuja. Ni kijana nadhifu, ana viatu ambavyo havijawahi kukanyaga saruji mbichi. Alikaa kwetu chini ya saa moja. Aligonga ukuta hapa na pale, akainua simu, akapiga picha, akaondoka. Nilimwambia habari za mifereji, akasema kazi yake ni kuandika hali ya jengo kama alivyoikuta, si kuandika limefikaje hapo. Ripoti yake tulisomewa siku ile ile ya neno limechoka. Inasema kioo cha kupimia kilichowekwa juu ya ufa kimepasuka. Inasema kwa mujibu wa fomu za ukaguzi kioo hicho kilikuwa kizima hadi mwezi uliotangulia, hivyo kimepasuka ndani ya wiki chache, hivyo ukuta unatembea, tena kwa kasi. Halafu inasema, na hili nimelishika neno kwa neno kwa jinsi lilivyonichoma, kwamba ukarabati wa zamani ulifanywa na mafundi wasio na elimu ya kutosha, na huenda ndio uliozidisha madhara.

Mafundi hao ni wewe, Baba. Wewe uliyelala kwenye tope chini ya ule msingi ukichimba kwa kijiko ili udongo usiporomoke. Na aliyeandika hivyo hakupanda hata ngazi ya futi sita akakitazama kioo kwa macho yake. Angekitazama angeona mambo mawili ambayo ulinifundisha kabla sijaota ndevu. Kioo kilichovutwa na ukuta hupasuka na vipande huachana, au kimoja hupanda na kingine hushuka. Kile pale vipande vyake vimegusana hata unyoya haupiti. Na kioo kilichopigwa huwa na jicho, kile kidoa cheupe mahali pigo lilipotua. Kile pale kina jicho. Mhandisi mzima mwenye vyeti ukutani hakuliona jicho.

Nilisimama, Baba. Nilisimama kwa hasira hadi kiti kikaanguka nyuma yangu. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Watu wote wakageuka, Mama Masjala akanitikisia kichwa kunipa moyo, nami nikafungua mdomo nikasema mifereji. Neno hilo moja tu. Kisha nikaokota kiti nikakaa. Baadaye wenzangu walinifariji wakidhani nimeogopa kupoteza kazi. Niliwaacha wadhani hivyo.

Dada, hapa ndipo usiruke.

Shahidi nilimvunja mimi. Ni miaka miwili na miezi minne sasa. Nilikuwa nimebeba ngazi ya mbao begani nikienda kutazama taa ya masjala, na nilipofika kwenye kona Mama Masjala akanisalimia kutoka chini. Nikageuka ili niitikie kwa adabu. Nilipogeuka, mkia wa ngazi nao ukageuka. Nilisikia mlio mdogo sana, kama mtu kavunja njugu kwa meno. Niliitikia salamu ile nikiwa tayari najua nilichokifanya. Hakuna aliyeona. Miaka yote hiyo miwili na ushei hakuna hata mtu mmoja aliyeinua macho.

Ningeweza kubandika kioo kipya siku hiyo hiyo na kuandika ukweli kwenye fomu. Lakini kioo kipya kingekuwa na tarehe mpya, na ile yako ya msumari ingekwenda jalalani. Niliona haya. Nikaandika mzima. Mwezi uliofuata, baada ya kuandika hivyo mara moja, ikabidi niandike tena. Kisha ikaja barua yako: shahidi hajambo? Nikajibu hajambo, anakusalimu. Hata nilikutania, nikasema anazeeka vizuri kuliko wewe.

Bado sijamaliza. Mhandisi alipokiona kioo kutoka chini aliniuliza kimepasuka lini. Nilikuwa nimeshika ngazi ile ile. Nikasema sijui. Nadhani utafikiri nilisema hivyo kwa woga, na woga ulikuwepo, lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilifurahi. Nilijiambia kwamba kwa miaka tisa wamekataa kunisikiliza mimi, sasa watamsikiliza shahidi. Wataogopa, watapitisha fungu la ukarabati, mifereji itatengenezwa, na uongo wangu utakuwa umefanya kazi njema. Nilimwacha akaandika. Haikunipitia hata kidogo akilini kwamba watu hawa wakiambiwa kitu kinaumwa hawafikirii dawa. Nilidhani wanafanana na wewe.

Kwa hiyo hasira hii yote niliyokumwagia ni ya kweli, siifuti hata mstari mmoja, lakini nusu yake inanihusu mwenyewe. Wao walilinyima jengo matunzo kwa miaka tisa. Mimi niliwapa sababu, tena nikaiandika kwa mkono wangu kila tarehe mosi. Na jina lililoingia kwenye ripoti kwa ubaya ni lako, si langu.

Sasa sikiliza kilichobaki. Wiki ile nilipomvunja nilishindwa kulala kwa kutojua ukuta unafanya nini, maana fundi asiye na shahidi ni kipofu. Nikakata kipande kingine cha kioo, nikakibandika juu ya ufa ule ule, chini kidogo, nyuma ya ubao wa matangazo. Nikakwaruza tarehe. Hakuna anayejua. Kila tarehe mosi nautungua ubao kwenye misumari yake, natazama, naurudisha. Leo asubuhi nimeutungua tena. Ni mzima, Baba. Miaka miwili na miezi minne, mvua mbili kubwa, na lori lililogonga nguzo ya lango. Hana hata mkwaruzo zaidi ya tarehe niliyomwandika. Ukuta wako haujatembea. Na karatasi yao ya kubomoa, yenye muhuri na pini nne, imebandikwa kwenye ubao huo huo unaomficha.

Siwezi kumtoa yeye bila kujitoa mimi. Nikisema yupo, wataniuliza kwa nini nilimweka, na jibu ni moja. Kazi itakwenda, na nyumba ya watumishi tunayokaa itakwenda nayo. Mkweo nilimweleza jana. Hakulia wala hakunifokea. Aliniuliza kama ile ngazi nayo iliumia, kisha akaenda jikoni akaanza kutenga vyombo vyetu na vya serikali.

Sijui kama itatosha. Pengine wameshaamua, na hata shahidi akija na jeshi la malaika watabomoa tu. Lakini hawatabomoa kwa jina lako. Hilo nimeapa, na ndilo ninalokuombea msaada. Njoo Alhamisi, Dada akushike mkono, uje na daftari la buluu. Kuna miaka kumi na mitano humo kwa mwandiko wako, na fomu zangu za mwanzo, miaka minane na ushei, ni za kweli pia. Ukifika usinitetee. Ukitaka kunikaripia, nikaripie mbele yao, sauti yako itafika benchi la mwisho. Mimi nitakuwa nimesimama kwenye kile kizimba nilichokipiga msasa na vanishi mara sita bila kudhani kwamba najitengenezea mwenyewe.

Nimekuandikia wewe kabla ya kuwaambia wao. Kwao nilidanganya kwenye fomu, na fomu wanazo nyingi. Kwako nilidanganya ndani ya salamu, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko kazi na nyumba.

Nisalimie Mama, umwambie asitafute sababu ya kunihurumia. Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na Dada nakushukuru kama umefika hapa bila wino kufutwa na mvua. Wajukuu wanasema babu aje na zile hadithi za chini ya msingi.

Uliuliza kama shahidi hajambo. Yule wako nilimuua mimi, nisamehe. Wa pili hajambo. Wa tatu ni mimi, na hali yangu utaijua Alhamisi saa nne.

Ni mimi mwanao,
Timazi Mdogo,
kama bado unaniruhusu kulitumia jina hilo.